Msimulizi Mmoja, Vita Nchi Nzima: Kitabu cha Mwisho Kinapoharibikia

Wasomaji wakilalamikia kitabu cha mwisho cha mfululizo wa vijana wanaoasi dola dhalimu, mara nyingi hulalamikia nani kafa na nani kaishia na nani. Mimi nikishika mswada wa aina hii huangalia jambo jingine kwanza: msimulizi yuko wapi vita vinapopiganwa? Miswada mingi ya vitabu vya tatu huharibikia hapo, tena mapema, kabla hata mtu wa kwanza hajafa. (Tahadhari: hapa chini natoboa miisho ya Mockingjay, kitabu cha tatu cha The Hunger Games, na Allegiant, cha tatu cha Divergent. Kama hujavisoma, visome kwanza.)

Tatizo linatokana na kile kilichokifanya kitabu cha kwanza kipendwe. Riwaya hizi aghalabu husimuliwa na kijana mmoja, kwa nafsi ya kwanza, na mara nyingi kwa wakati uliopo. Uwanja ukiwa mdogo mbinu hiyo inauma vizuri, kwa kuwa hatari iko hatua chache tu na msomaji hajui zaidi ya anachokijua msimulizi. Lakini kitabu cha tatu kina majeshi, makamanda, wasaliti, na miji inayoanguka siku moja pande mbili za nchi. Macho ya binti wa miaka 17 hayafiki kote huko. Wala mtu wa umri huo hakabidhiwi jeshi. Akikabidhiwa bila sababu ya maana, msomaji anaacha kuamini na harudi tena.

Mockingjay ya Suzanne Collins, iliyotoka 2010, ndiyo ninayoirejea zaidi kwa suala hili. Ina sehemu 3 zenye sura 9 kila moja, jumla 27, sawasawa na vitabu viwili vilivyoitangulia. Uwanja umepanuka ukawa nchi nzima, ila kurasa hazikuongezwa kuufuata. Kilichobadilishwa ni kazi ya msimulizi. Katniss, binti anayesimulia, hafanywi jemadari. Anafanywa sura ya uasi, mtu wa kurekodiwa kwenye filamu za propaganda. Kazi hiyo inampa sababu ya kupelekwa vitani, na papo hapo inawapa wakubwa sababu ya kumzuia asiende, maana akifa wamepoteza nembo yao. Kila mara anapotoka au kubakizwa, kuna mvutano tayari, bila mwandishi kuuchokonoa.

Tazama jinsi kazi hiyo inavyoanzishwa. Kwanza wanamvalisha na kumwekea kamera studio aseme kaulimbiu, naye anaboronga kabisa. Ndipo inapoamuliwa apelekwe mahali penye hatari halisi. Katika Wilaya ya 8 anaingia hospitali iliyojaa majeruhi, ndege za Capitol, mji mkuu wa dola dhalimu, zinaipiga hospitali hiyo, na maneno anayoyatoa mbele ya kamera yanamtoka kwa hasira, hakuna aliyemwandikia. Tukio hilo moja linaonyesha ukatili wa adui, linathibitisha kwamba binti huyu hawezi kuigiza, na linatupa jibu la kwa nini uasi unamhitaji. Tukio la vita lisilobeba angalau kazi mbili za namna hiyo mimi hulipigia mstari lifutwe.

Sasa hesabu mambo makubwa ambayo Katniss hayashuhudii. Peeta, kijana wa karibu naye aliyetekwa, anaokolewa Capitol, yeye hayupo. Capitol inasalimu amri, yeye yuko hospitali ameungua. Snow, rais dhalimu, anahukumiwa, hayupo. Hata kesi yake mwenyewe inasikilizwa yeye akiwa amefungiwa chumbani. Kwenye karatasi hilo lingeonekana kosa, na wapo wasomaji wanaolisema hivyo. Lakini angalia uokoaji wa Peeta: wakati kikosi kiko njiani, Finnick, mwasi mwenzake, anatoboa siri za Snow hewani ili kumzubaisha adui, kisha yeye na Katniss wanabaki kusubiri, wakifunga na kufungua mafundo kwenye kamba. Hatuoni risasi hata moja, na taharuki haipungui. Kusubiri kunasomeka kama msimulizi ana cha kupoteza na mikono yake ina cha kufanya. Mswada ukimweka tu kwenye kiti akitazama skrini, sura imekufa.

Taarifa yenyewe ikifika, iwe fupi, isizidi nusu ukurasa, na iletwe na mtu mwenye lake moyoni. Afisa anayesoma ripoti mwanzo hadi mwisho ni mwandishi aliyevaa kofia. Mikutano ya makamanda ni ugonjwa wa jamii hiyohiyo: ruhusu mmoja au miwili, na mmoja wapo uishie kwa jambo ambalo msimulizi hawezi kulivumilia. Katika Wilaya ya 2, mpango wa kuporomosha mlima juu ya ngome yenye watu ndani unajadiliwa mezani, na mjadala unasisimua kwa sababu Gale, rafiki wa Katniss wa tangu utotoni, ndiye anayeutetea.

Njia moja ya kumtoa msimulizi jukwaani naipendekeza kwa shingo upande: kuzimia. Collins anaitumia mara nyingi kuliko ninavyopenda. Anayemwiga ajiwekee kikomo cha mara moja, au mbili ikiwa ya pili inaacha jeraha ambalo kitabu hakiliponyi.

Allegiant ya Veronica Roth (2013) ilichagua dawa nyingine. Vitabu viwili vya mwanzo vilisimuliwa na Tris, binti ambaye ndiye mhusika mkuu, peke yake. Cha tatu kinagawa sura kati yake na Tobias, mpenzi wake. Faida iko wazi: mambo ya sehemu mbili yanaonekana, na Tris anapokufa yuko wa kuendelea kusimulia. Hasara zipo mbili. Sauti zikifanana, msomaji analazimika kurudi kwenye kichwa cha sura kujua nani anaongea, na lawama hiyo kitabu hiki kimeipata sana. Pili, sauti mpya ikizuka kitabu cha tatu, msomaji mjanja anajiuliza inaandaliwa kwa ajili ya kifo cha nani. Ukitaka sauti mbili, ingiza ya pili kitabu cha pili. Kisha zijaribu: chukua ukurasa mmoja wa kila sauti, futa majina, mpe mtu asiyeijua hadithi. Akishindwa kuzitofautisha, rudi kwenye urefu wa sentensi na kwenye vitu ambavyo kila msimulizi anavitambua kwanza anapoingia mahali.

Kuhusu kilele, siri iko kwenye mbegu. Katikati ya Mockingjay, Gale na Beetee, mbunifu wa silaha za waasi, wanabuni mtego: bomu linalipuka, waokoaji wanakimbilia majeruhi, la pili linawamaliza. Kwa wakati huo linasomeka kama ugomvi wa marafiki juu ya mipaka ya vita. Karibu na mwisho, miavuli midogo inawaangukia watoto wa Capitol, inalipuka, waganga wanakimbilia, Prim, mdogo wake Katniss, akiwa miongoni mwao, kisha mlipuko wa pili. Hakuna anayethibitisha nani aliamuru. Katniss hahitaji ripoti ya siri, kwa kuwa mpango aliusikia kwa masikio yake, na shaka inatosha kumla. Panda mbegu ya namna hiyo sura 8 hadi 12 kabla, ifiche ndani ya mgogoro mwingine, na usiikumbushe njiani.

Baada ya hapo vita vinarudishwa kwenye kipimo cha mtu mmoja. Snow ameshaanguka, swali ni nani anakalia kiti chake. Coin, kiongozi wa waasi, anapendekeza Michezo mingine ya Njaa, ile ya watoto kuuana uwanjani, safari hii kwa watoto wa Capitol, na jibu la Katniss ni mshale mmoja mwishoni mwa sura ya 26. Imebaki sura moja na tamati fupi. Katika mswada wa maneno 100,000, maneno 6,000 hadi 8,000 baada ya pigo la mwisho yanatosha. Sura tano za kutunga katiba mpya hazina msomaji. Aya mbili nazo ni dharau kwa mtu aliyesoma vitabu vitatu.

Tamati ikiruka miaka, abaki msimulizi yuleyule, na aonyeshe kile ambacho muda haujakiponya. Orodha ya nani anaishi wapi na ana watoto wangapi ikizidi majina matatu, ikate.