Bakshishi nchini Japani

Wasafiri wengi huamini kwamba kumwachia mhudumu bakshishi ni adabu katika kila nchi, na imani hiyo inaeleweka kwa aliyezoea miji ya kitalii. Nchini Japani desturi hiyo haipo: katika mikahawa mingi mteja hulipa kaunta, huweka fedha kwenye kisahani badala ya kumkabidhi mhudumu mkononi, na akiacha sarafu mezani huenda akafuatwa hadi barabarani arudishiwe, kwa kudhaniwa amezisahau. Katika nyumba za wageni za kimila wapo wanaotoa shukrani, lakini ndani ya bahasha. Anayetaka kuhakikisha asome bili, kwani baadhi ya hoteli huongeza ada ya huduma, kisha atazame meza iliyoachwa na wenyeji: vijiti, bakuli, basi.