Ulipigwa wapi hasa?

Kijana akifikishwa kitengo cha dharura na jeraha la kisu, maswali yetu huanzia mwilini: amepoteza damu kiasi gani, ana mzio wa dawa ipi, nani apigiwe simu. Kwa miaka mingi sikumuuliza hata mmoja aliumizwa mtaa gani, kona ipi. Tulimshona, tukamfunga bendeji, akarudi kona ileile. Mpaka leo linaniuma.

Pengo hilo aliliona Jonathan Shepherd, daktari wa upasuaji wa kinywa na uso huko Cardiff, Wales. Wengi wa waliofika hospitalini baada ya kupigwa hawakuwemo kabisa kwenye kumbukumbu za polisi. Anayewajua vijana hashangai. Wanaogopa kulipiziwa kisasi, wanaogopa kuulizwa wao wenyewe walifuata nini pale, na wengine hata aliyewapiga hawamjui.

Basi makarani wa mapokezi wakaanza kuuliza mambo machache: wapi hasa, siku gani, saa ngapi, kwa silaha gani. Taarifa hizo, bila jina la mgonjwa, hupelekwa kwenye kikao cha hospitali, polisi na halmashauri ya jiji. Hapo kwenye jina sitaki mzaha. Siku kijana atakapomwona muuguzi kuwa ni jicho la polisi, atajifungia chumbani na kidonda chake mpaka kioze.

Ukizipanga taarifa hizo kwenye ramani, unakuta damu nyingi inamwagika kwenye vipande vichache vya barabara, tena kwa saa zinazojulikana. Doria huhamishiwa huko. Baa ambako watu hukatwa kwa glasi huletewa vikombe vya plastiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa waliolazwa kwa majeraha ya ukatili Cardiff walipungua kwa asilimia 42, ukilinganisha na miji ya aina yake isiyokuwa na mpango huo.

Hata sura ya mahali ina nguvu yake. Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa, wakachagua kwa bahati nasibu ni vipi visafishwe na kupandwa nyasi na vipi viachwe vilivyo. Matokeo yalitoka mwaka 2018: kuzunguka viwanja vilivyotunzwa katika mitaa maskini zaidi, ukatili wa bunduki ulishuka kwa asilimia 29.

Kwa watoto wa shule, saa ya hatari mara nyingi si usiku wa manane. Ni saa moja au mbili baada ya kengele ya mwisho, wakiwa njiani. Mzazi, muulize mwanao anapita njia gani, na kwa nini siku hizi anazunguka. Ramani anayo kichwani. Mimi hukaa na vijana wakiwa na karatasi na kalamu, nao huchora kwa dakika kumi kile ambacho sisi hukikusanya kwa miezi. Wasichana wachore karatasi yao peke yao. Alama zao huangukia kwingine kabisa.

Kazi hii haidai mitambo. Inapoharibika, huharibikia kwenye neno "hasa". Karani aliyechoka huandika "barabarani", na hapo hakuna wa kumtuma popote. Aandike: ngazi za kivuko cha juu, upande wa sokoni, Ijumaa, saa kumi na moja jioni, chupa.