Kovu si doa, na faundesheni haizibi shimo

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye duka la vipodozi hapa Kisumu, karibu na Barabara ya Oginga Odinga, nikingoja chenji. Mbele yangu alisimama msichana wa chuo. Muuzaji akamwambia, "Mrembo, chukua hii, inaficha makovu yote," akampa faundesheni ile nzito kuliko zote. Msichana akalipa, akaondoka ameinamisha uso. Nilikuwa nimemtazama shavuni kwa karibu, na sikuona kovu hata moja. Alikuwa na madoa.

Ninapamba maharusi, Kisumu na Nakuru, na kosa hili nalisikia kila wiki.

Faundesheni ni kipodozi cha majimaji, krimu au unga kinachopakwa uso mzima ili rangi ya ngozi ilingane, kabla ya poda na vinginevyo. Kazi yake ni rangi, basi.

Sasa tuje kwenye kovu. Kovu ni alama ya jeraha lililopona, mahali ambapo nyama yenyewe imebadilika. Doa ni rangi tu. Fikiria shati. Chai ikimwagika, shati lina doa, lakini uzi wote uko mahali pake. Likinaswa na seng'enge, likatatuka, ukalishona, ule mshono ndio kovu, na ukipitisha kidole gizani utauhisi. Lugha yetu imezingatia tofauti hii siku zote. Mtu mwema tunasema hana doa, na anayemchafulia mwenzake jina amemtia doa, maana jina lililochafuliwa laweza kusafishwa. Lakini aliyefiwa au kusalitiwa tunasema ana kovu moyoni. Hakuna anayesema ana doa moyoni akimaanisha jambo hilo. Chui naye ana madoadoa, na ukimpapasa (Mungu apishe mbali) ungehisi manyoya tu. Najua kule Nakuru wapo wasiopenda kulitamka neno hilo la madoadoa, kwa jinsi lilivyotumiwa kisiasa dhidi ya majirani wa makabila mengine. Nawaelewa kabisa. Ndiyo maana nasema doa, au madoa, na kuishia hapo.

Chunusi inaweza kuacha kimojawapo, au vyote viwili. Uvimbe ukiingia ndani sana huharibu kolajeni, ile nguzo ya ngozi, na ngozi hupona ikiwa na pengo: kitundu chembamba kama cha sindano, au kibonde kipana. Wengine hupona kwa kuzidisha kolajeni, wakabaki na uvimbe mgumu, hasa kwenye taya, kifua na mabega. Keloidi hizo hutupata zaidi sisi wenye ngozi nyeusi. Hayo ndiyo makovu. Doa hutokea pale ngozi iliyowaka inapotoa melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, kupita kiasi. Juu panabaki laini. Hufifia lenyewe, ingawa huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka, na jua letu hili la ikweta hulichelewesha, sawa na kutumbuatumbua kwa kucha.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Msichana akiambiwa ana kovu, anasikia kitu cha milele. Anarudi nyumbani akiamini uso wake umeharibika, na hapo ndipo mkorogo, zile krimu za kujichubua, humkuta. Krimu za zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya, ila bado zinauzwa kwa kificho, na zebaki huharibu figo. Yote hayo kwa ajili ya doa ambalo lingeondoka kwa subira na krimu ya kukinga jua.

Hata kwa upambaji wenyewe, jina likikosewa dawa hukosewa. Shimo huonekana kwa sababu ya kivuli chake, na kivuli hakifunikwi kwa rangi. Ukilipaka faundesheni nzito, inatuama ndani, na ikifika saa nane mchana na lile joto la ziwani, jasho likianza, kila kitundu kinajitangaza. Mwenye mashimo namtafutia nyepesi isiyong'aa, naigandamiza kwa sponji bila kusugua, na namwambia ukweli kwamba yatapungua machoni lakini hayatatoweka. Kuyapunguza hasa ni kazi ya daktari wa ngozi.

Mwenye madoa ana bahati zaidi. Madoa kwenye ngozi nyeusi huelekea ubuluu au ukijivu, kwa hiyo natangulia na krimu ya rangi ya machungwa, kidogo sana na juu ya doa peke yake, kisha faundesheni ya rangi yake halisi. Ukilipaka doa faundesheni nyeupe kuliko ngozi ukitaka kulififisha, linatoka rangi ya majivu. Faundesheni yoyote ijaribu kwanza kwenye taya, toka nje ya duka, ngoja dakika kumi, ndipo ujitazame kwenye mwanga wa jua, kwa maana nyingine huzidi kuwa nyeusi zikikauka, hasa kwenye ngozi ya mafuta.

Basi dada, kabla hujamwomba muuzaji faundesheni ya makovu, nawa uso, funga macho, pitisha ncha ya kidole taratibu shavuni. Kidole kikiteleza bila kukwama, mwambie una madoa. Kikizama mahali au kikipanda, hapo ndipo useme kovu, na umwonyeshe ni wapi.