Mkono wa mzee unapotetemeka: maswali kuhusu dopamini na ugonjwa wa Parkinson

Baba ana miaka 67. Mkono wake wa kulia unatetemeka akiwa amekaa tu, lakini akinyanyua kikombe cha chai unatulia. Si uzee huo?

Hapana. Uzee peke yake hautetemeshi mkono namna hiyo, na hilo uliloliona, kwamba mkono unatulia akiutumia, ndilo la kwanza kumwambia daktari. Kuna mtetemeko mwingine, tena ndio unaowapata watu wengi zaidi, ambao huja mtu anaposhika kikombe au kijiko. Huo ni ugonjwa mwingine na una dawa zake. Mtetemeko wa Parkinson huja mkono ukiwa umepumzika pajani, huanzia upande mmoja wa mwili, na kidole gumba husuguana na cha shahada kama cha mtu anayevuta tasbihi.

Mtazame pia akitembea: huenda mkono mmoja haupungi. Mpe kalamu aandike mistari kadhaa. Mzee mmoja niliyemfahamu alianza mstari kwa herufi kubwa za kimwalimu, na kabla hajafika ukingo wa karatasi zilikuwa ndogo kama punje za ulezi. Wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa, ila ni wazito na viungo vyao vimekakamaa. Hao ndio wanaochelewa kutambuliwa.

Ni kitu gani kimeharibika kichwani?

Kwenye shina la ubongo kuna eneo dogo jeusi. Ni jeusi kwelikweli, kwa kuwa seli zake zina rangi iliyo jamaa na ile ya ngozi zetu. Seli hizo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini na kuipeleka kwenye viini vilivyo ndani ya ubongo, ambavyo huamua mwendo upi uanze na upi uzuiwe. Mtu akitaka kuinuka kitini, nia ipo na misuli ina nguvu, lakini dopamini ikipungua ni kama ruhusa haitoki. Kwa hiyo ukimwambia mzee "jikaze", unamwonea. Hakulegea yeye.

Mpaka kutetemeka kuonekane, karibu nusu ya seli hizo au zaidi zimeshakufa. Miaka kadhaa kabla ya hapo huenda aliacha kusikia harufu ya chakula, akawa anafunga choo, au akawa anapiga kelele na mateke usingizini.

Haya yalijulikanaje?

Daktari James Parkinson wa London aliandika juu ya wagonjwa sita mwaka 1817, na baadhi yao aliwaona barabarani tu. Sababu haikujulikana kwa zaidi ya karne. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa inayomaliza dopamini, wakalala wamelegea. Alipowachoma sindano ya levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliamka. Mwaka 1960 watafiti wa Vienna, akiwemo Oleh Hornykiewicz, walipima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson na kukuta dopamini imepungua mno. Carlsson alipata tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Kwa nini asipewe dopamini yenyewe?

Dopamini haivuki ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Levodopa inavuka. Kidonge huchanganywa na kabidopa ili levodopa isiishie njiani na kumletea kichefuchefu kikali. Vyakula vyenye protini nyingi, kama nyama na maharage, hugombania njia na dawa hii, kwa hiyo ni vizuri aimeze nusu saa hivi kabla ya kula. Haiponyi ugonjwa, lakini humrudishia mtu siku zake. Asiiache ghafla, hata kama vidonge vinakaribia kwisha: mwambieni daktari mapema.

Mama ana Parkinson. Amekuwa na uso wa hasira siku zote, na hataki tena kwenda harusini. Tumemkosea nini?

Huenda hamjamkosea chochote. Misuli ya uso nayo husubiri ruhusa ileile, basi tabasamu halitoki hata moyo ukifurahi. Isitoshe, dopamini hupita njia nyingine inayotupa hamu ya kufanya jambo, na katika ugonjwa huu serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, pia hupungua, kwa hiyo sonona ni sehemu ya ugonjwa wenyewe na ina tiba. Muulizeni anavyojisikia, msimsome usoni.

Na kinyume chake hutokea. Baadhi ya dawa zinazoiga dopamini huweza kumtia mtu uchu asiokuwa nao: kamari, manunuzi, ngono. Mzee mtulivu akianza kucheza kamari kwa siri, mpelekeni kwa daktari kabla hamjamwitia kikao cha ukoo.

Je, dawa nyingine zinaweza kuleta dalili hizi?

Ndiyo. Haloperidol na nyinginezo za magonjwa ya akili, na hata metoclopramide ya kuzuia kutapika, huziba milango ya dopamini. Nendeni na vidonge vyote anavyotumia.

Jirani anasema mbegu za upupu zinatibu.

Si uzushi mtupu. Mbegu za upupu, mmea uleule unaowasha, zina levodopa. Lakini kiasi hutofautiana mbegu kwa mbegu, na akila juu ya vidonge anaweza kuzidisha akaanza kujinyonganyonga bila hiari. Asijaribu bila daktari kujua.

Baba akifika mlangoni miguu inaganda. Tumvute?

Msimvute, ataanguka. Mwendo wa mazoea hutegemea viini vilivyokosa dopamini, lakini hatua inayoongozwa na jicho au sikio hupita njia nyingine ya ubongo. Bandikeni vipande vya utepe sakafuni, kimoja kila hatua, kuanzia kitandani hadi ng'ambo ya mlango, avuke kila kimoja kwa hatua. Pasipo utepe, simama mbele yake uweke mguu wako ukingama miguuni pake, umwambie auvuke, au muhesabie kwa sauti: moja, mbili, moja, mbili. Na kabla ya kuanza, mwacheni asimame kidogo. Asiharakishwe hata kama gari linasubiri.