Webley Mk VI na risasi ya .45 ACP: kuingia si kufaa

Miongoni mwa wakusanyaji wa silaha za kale huko Marekani kuna imani ya miaka mingi: bastola ya Webley Mk VI iliyochongwa silinda (sehemu inayozunguka na kubeba risasi) ni salama kwa risasi ya .45 ACP, aina ya risasi ya bastola ya Kimarekani, kwa kuwa risasi inaingia vizuri. Si kweli.

Mk VI ilianza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1915, ikitumia risasi ya .455 yenye msukumo mdogo. Zilipouzwa Marekani kama mabaki ya jeshi, risasi hiyo ilikuwa adimu. Wauzaji wakapunguza sehemu ya nyuma ya silinda ili .45 ACP ienee, ikishikwa na kibanio chembamba cha chuma.

Tatizo ni shinikizo la gesi ndani ya silinda risasi inapofyatuliwa. Kikomo cha .455 ni takriban pauni 13,000 kwa inchi ya mraba, cha .45 ACP ni 21,000. Silinda ile haikuundwa kubeba mzigo huo. Wapo wanaosema wamefyatua risasi nyingi bila kuona dhara, nami naamini wanasema kweli. Lakini chuma huchoka kidogo kidogo, na silinda inaweza kupasuka mkononi mwa mtu aliyeizoea.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua bastola, uitazame silinda kwa nyuma. Ikiwa imechongwa, thamani yake kwa mkusanyaji imeshuka, na muuzaji anapaswa kukwambia. Ukitaka kuifyatua, ikaguliwe kwanza na fundi wa silaha, kisha utumie risasi za .45 ACP zilizojazwa baruti kwa kiwango cha shinikizo cha .455.