Je, Wajua Kwa Nini Sindano ya Nyumbani Imekuwa Chombo cha Ibada?

Katika mji wa Yafa aliishi mwanamke aliyeitwa Tabitha, au kwa Kigiriki Dorkasi, ambaye habari zake zimo katika Matendo ya Mitume sura ya 9, kuanzia aya ya 36 hadi ya 42. Katika aya hizo saba hasemi neno hata moja. Tunaambiwa kwamba alijaa matendo mema na sadaka, kwamba aliugua, akafa, akaoshwa na kulazwa orofani. Kisha Petro alipofika, wajane walisimama karibu naye wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi alizishona alipokuwa pamoja nao. Hakuna hotuba yake iliyohifadhiwa. Ushahidi wa imani yake ulikuwa ile mishono. Tena kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: neno la Kigiriki lenye maana ya mwanafunzi wa kike limetumika mara moja tu katika Agano Jipya zima, na aliyepewa jina hilo ni huyu mshonaji.

Kwa nini basi, karibu miaka elfu mbili baadaye, wapo Wakristo wanaokaa nyumbani na sindano, uzi na vipande vya nguo, wakaihesabu kazi hiyo kuwa ibada kama wengine wanavyohesabu kuimba au kufunga? Jibu jepesi ni kwamba wanashona misalaba na aya za Biblia juu ya vitambaa. Wapo wanaofanya hivyo, lakini kwa maoni yangu jibu hilo ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote. Sababu kubwa zaidi zimo katika mwendo wa kazi yenyewe, katika Maandiko ambayo yamejaa vitambaa kuliko tunavyokumbuka, na katika mtu atakayejifunika kile kilichoshonwa.

Tuanze na kazi. Mfarishi, ambao wengi hupenda kuuita blanketi la viraka, una tabaka tatu: juu ni kitambaa kilichoungwa kwa viraka, katikati ni pamba au sufu ya kuhifadhi joto, na chini ni bitana. Tabaka hizo hupigwa bandi kwanza ili zisiteleze, kisha hushonwa pamoja kwa mishono midogo inayopenya zote tatu, na mwishowe kingo huzungushiwa ukanda mwembamba wa kitambaa. Mishono hiyo si pambo tu. Isipokuwapo, pamba ya katikati hujikusanya upande mmoja baada ya kufuliwa mara chache, blanketi likawa na mabonge huku na sehemu tupu za kupitisha baridi kule. Anayeshona kwa mkono hupitisha sindano maelfu ya mara, na mfarishi wa kutosha kitanda kizima unaweza kumchukua miezi. Mikono ikishazoea, akili hupata nafasi; lakini haiwezi kwenda mbali sana, kwa sababu sindano humwadhibu papo hapo aliyejisahau.

Hali hiyo ya mwili kushughulika huku moyo umetulia ndiyo ambayo watawa walijitungia ratiba ili waipate. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inafungua sura yake ya 48 kwa kusema kwamba uvivu ni adui wa roho, kisha inapanga saa za kazi za mikono sambamba na saa za kusoma mambo ya Mungu. Mshonaji wa nyumbani hana kengele ya kumgawia saa, ila ana urefu wa uzi: anaweza kumwombea mtu mmoja mpaka uzi uishe, na anapotunga uzi mwingine sindanoni akaanza jina lingine. Kazi inayorudiwarudiwa, ambayo mtu mwingine angeiona ya kuchosha, huwa kipimo cha maombi yake.

Anayeshona na kusoma Biblia hukutana humo na ufundi wake mwenyewe kila baada ya kurasa chache. Adamu na Hawa walijishonea majani ya mtini, kisha Mungu mwenyewe akawafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika. Hema la kukutania lilihitaji nyuzi za buluu, za zambarau na nyekundu pamoja na kitani safi, na Kutoka 35 inawasifu wanawake wenye mioyo ya hekima waliosokota nyuzi hizo kwa mikono yao. Hekima, katika sura hiyo, ni kitu kinachoweza kukaa vidoleni. Zaburi ya 139 nayo inasema, "Uliniunga tumboni mwa mama yangu", na kuunga ni neno la mshonaji, kwa kuwa viraka huungwa. Katika aya ya 15 ya Zaburi hiyo, pale tafsiri yetu inapozungumzia kuungwa kwa ustadi, Kiebrania kimetumia kitenzi cha mzizi ule ule unaomtaja fundi wa kutarizi katika Kutoka 26:36, aliyepamba pazia la mlango wa hema. Kwa mwenye kutarizi, aya hiyo inamwonyesha Mungu akifanya kazi anayoifahamu vizuri sana.

Mfano wa kiraka katika Mathayo 9:16 unastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Yesu anasema kwamba hakuna mtu atiaye kiraka cha nguo mpya katika vazi kuukuu, kwa maana kiraka hicho huvuta vazi na pale palipotatuka huzidi. Kigiriki kinazungumzia kitambaa ambacho bado hakijapita mikononi mwa dobi. Nyuzi zikifumwa huwa zimevutwa na kukazwa. Kitambaa kinapoloweshwa kwa mara ya kwanza, nyuzi hulegea, hujikunja na kurudi katika hali yake, kitambaa kikapungua upana na urefu. Vazi kuukuu limeshafuliwa mara nyingi na limekwisha kupungua kadiri ya uwezo wake. Kiraka kipya kikishonewa juu yake, siku ya kufua kiraka hupungua peke yake, huzikokota kingo za tundu ambazo tayari zimechakaa, na tundu likawa kubwa kuliko awali. Ndiyo maana mshonaji mwangalifu hufua na kupiga pasi vitambaa vipya kabla ya kuvikata, hasa anapovichanganya na vya zamani. Mfano ule ulihusu mafundisho mapya na desturi zilizokuwapo, lakini anayeusikia akiwa na mkasi mkononi huuelewa kwa vidole kabla ya kuuelewa kwa kichwa.

Majina ya mitindo ya viraka nayo yalichotwa humo humo. Washonaji wa Marekani walikuwa na Ngazi ya Yakobo, Taji ya Miiba, Nyota ya Bethlehemu na Machozi ya Ayubu. Ngazi ya Yakobo hutengenezwa kwa miraba ya aina mbili: mmoja una viraka vinne vidogo, na mwingine umeungwa kwa pembetatu mbili, moja ya rangi iliyokolea na moja ya rangi nyepesi. Miraba hiyo ikipangwa kwa kupokezana, viraka vidogo vilivyokolea hufuatana kwa mshazari kama vipandio, kutoka kona moja hadi nyingine. Mtindo huo huo, hata hivyo, umepewa mahali pengine majina yasiyohusiana na Biblia kabisa, kwa hiyo jina peke yake lisitufanye tudhani kwamba kila aliyeushona alikuwa akiwaza ndoto ya Yakobo.

Aliyeishona Biblia waziwazi, picha kwa picha, ni Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1837. Mfarishi wake wa Biblia, alioumaliza katikati ya miaka ya 1880, una picha 11, miongoni mwake Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimwua Abeli, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, Karamu ya Mwisho, na Yuda pamoja na vipande thelathini vya fedha. Watu na wanyama wamekatwa katika vitambaa na kushonewa juu ya kitambaa kingine, kwa sindano ya mkono na kwa cherehani, jambo ambalo nalitaja kwa makusudi kwa sababu wapo wanaodhani cherehani huondoa utakatifu wa kazi. Mwaka 1886 mfarishi huo ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, na mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, akataka kuununua. Powers alikataa. Miaka michache baadaye, familia yake ilipobanwa na shida ya fedha, alikubali kuuza. Aliomba dola 10, akapewa 5.

Kabla ya kuondoka alimweleza Smith maana ya kila picha, naye Smith akaandika, na maelezo hayo ndiyo yanayotuwezesha leo kuusoma mfarishi ule kama alivyoukusudia mwenyewe. Baadaye Powers alirudi mara kadhaa kwa mnunuzi ili autazame tu. Nadhani safari hizo zinatueleza thamani ya kazi ile kuliko bei yoyote. Sasa umehifadhiwa Washington, katika makumbusho ya historia ya Marekani ya taasisi ya Smithsonian, na wa pili, wenye picha 15, uko katika Makumbusho ya Sanaa ya Boston. Katika huo wa pili, Ayubu na Yona wamewekwa pamoja na matukio kama mvua kubwa ya vimondo ya Novemba 1833, iliyotokea kabla yeye hajazaliwa lakini ikaendelea kusimuliwa. Kwake yeye, aliyoyatenda Mungu katika Maandiko na yaliyoonekana angani Marekani yalitoshea katika kitambaa kimoja.

Tofauti kabisa na picha za Powers ni mifarishi ya zamani ya Waamishi, Wakristo wa Marekani wanaojulikana kwa maisha yao ya kawaida yasiyo na anasa, iliyoshonwa kwa vitambaa vya rangi moja moja, bila maua wala picha, kwa kuwa jumuiya yao iliona kujionyesha ni kinyume cha unyenyekevu. Hapa ndipo inapoingia hadithi inayopendwa sana: kwamba washonaji hao waliweka kosa moja makusudi katika kila mfarishi, kwa sababu Mungu peke yake ndiye mkamilifu. Watafiti wa historia ya mifarishi wameichunguza hadithi hiyo na hawakupata ushahidi wa kuithibitisha. Aliyewahi kushona hahitaji mtafiti: makosa huja bila kualikwa, na anayelazimika kuongeza moja kwa makusudi anadai kimyakimya kwamba asingekosea vinginevyo.

Katika karne ya 19 vikundi vya wanawake vya kuwashonea maskini nguo vilienea katika makanisa mengi, vingi vikichukua jina la Dorkasi. Waadventista Wasabato walianzisha chao huko Battle Creek, Michigan, mwaka 1874.

Desturi ya mifarishi ya maombi ni changa zaidi. Kundi linalojulikana kwa jina la Prayers & Squares lilianza mwaka 1992 katika kanisa la Wamethodisti huko California. Mshonaji hukamilisha blanketi, kisha hupenyeza nyuzi nene katika tabaka zote tatu na kuziacha ncha zikining'inia mbili mbili juu ya kitambaa. Blanketi hupelekwa kanisani, na kila anayetaka hushika ncha mbili, humwombea mgonjwa au mwenye msiba, na kufunga fundo. Fundo lenyewe lina utaratibu wake: ncha ya kulia hupita juu ya ya kushoto, kisha ya kushoto juu ya ya kulia, kwa maana ukirudia upande uleule mara mbili, fundo huteleza na kufunguka. Yule anayekusudiwa huulizwa kwanza kama anakubali kuombewa, na blanketi haliuzwi. Anapolipokea, maombi ya watu ambao huenda hakuwahi kuonana nao yamekuwa kitu anachoweza kukipapasa usiku usingizi unapokataa.

Mafundo kama hayo hutumika pia katika mablanketi yanayopelekwa kwa wakimbizi na waathiriwa wa maafa kupitia mashirika ya makanisa, kama Mennonite Central Committee, iliyoanzishwa mwaka 1920, na Lutheran World Relief, iliyoanzishwa mwaka 1945. Sababu hapa ni ya kiufundi: kufunga mafundo huchukua saa chache, wakati kushona tabaka zote kwa mkono huchukua wiki nyingi, na mahitaji hayangoji. Wanaoshona huongozwa na maneno ya Mathayo 25, "nilikuwa uchi, mkanivika", na swali kali la Yakobo kuhusu mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo aende kwa amani akaote moto, bila kumpa kitu.

Na hapa ndipo jibu jepesi tulilolitaja mwanzoni linaposhindwa kabisa. Yapo mashirika ya Kikristo ya misaada yanayowaomba washonaji wasiweke misalaba, aya wala bendera juu ya mablanketi hayo, kwa kuwa yatapokewa na watu wa dini zote, na mahali pengine alama ya aina hiyo inaweza kumtia hatarini anayelala chini yake. Hivyo mshonaji huchagua vitambaa imara visivyochuja rangi, hukagua kama mafundo yamekaza na kingo hazijaachia, hulikunja blanketi, na kulitia katika sanduku pamoja na mengine, bila jina lake.