Je, wajua kwa nini boti kuukuu ya jeti huweza kunguruma sana na bado isiende?

Katika majimbo ya California na Arizona, hasa kandokando ya Lake Havasu, bado zinauzwa boti za faibaglasi za miaka ya 1970 zenye urefu wa futi 18 hivi. Tezini hubeba injini ya gari ya silinda nane iliyoachwa wazi bila kifuniko, na mahali ambapo boti nyingine zingekuwa na rafadha, hizi zina pampu inayovuta maji kutoka chini ya boti na kuyarusha nyuma kwa nguvu. Mnunuzi huikuta boti juu ya trela. Mwenye nayo huiwasha, hukanyaga mafuta, na mtaa mzima hujua kwamba kuna biashara. Wakishaishusha majini, mshale wa kipimo cha mizunguko hupanda upesi hadi mwisho, mngurumo huzidi, lakini boti hujikokota. Hapo muuzaji husema kwamba injini hii ina nguvu kupita kiasi, na mnunuzi, ambaye ameusikia mngurumo huo kwa masikio yake, huona kwamba maelezo hayo yana mantiki.

Hayana. Dhana ya kwamba mizunguko mingi ni ushahidi wa nguvu nyingi imekita mizizi kwa sababu kwenye gari mara nyingi mambo huonekana hivyo, na kwa sababu sikio huamini kelele kuliko hesabu. Kwenye boti ya jeti mshale unaopanda kupita kipimo chake kwa kawaida hausemi lolote zuri kuhusu injini. Husema kwamba injini imepunguziwa kazi, yaani pampu imeacha kushika maji ipasavyo. Aidha, mngurumo wa juu ya trela hauthibitishi chochote kuhusu pampu, kwa kuwa impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu, haina mzigo inapozunguka hewani. Hata injini iliyochoka hunguruma vizuri isipokuwa na kitu cha kusukuma. Anayelipia kelele ya trelani analipia sehemu moja tu ya chombo, tena ikiwa mapumzikoni.

Historia ya mtambo wenyewe si ndefu kuieleza. James Rumsey aliendesha boti ya mvuke iliyosukumwa kwa mkondo wa maji kwenye mto Potomac mwaka 1787, lakini aliyeifanya boti ya jeti kuwa chombo cha kununulika ni Bill Hamilton wa New Zealand, katika miaka ya 1950, kwa kuwa mito ya Canterbury ina maji machache na mawe mengi ya kuvunja rafadha. Hamilton alipoihamisha nozeli, yaani mdomo unaorusha maji, kutoka chini ya boti na kuiweka juu kidogo ya usawa wa maji, kasi ilipanda kutoka maili 11 hadi maili 17 kwa saa, jambo linalowashangaza wanaodhani kwamba mkondo huo ni lazima usukumane na maji ya nyuma. Mwaka 1960 boti zake zilipanda mto Colorado kupitia Grand Canyon kinyume cha mkondo. Huko Marekani, kampuni ya Berkeley, iliyokuwa ikitengeneza pampu za umwagiliaji wa mashamba, ilijenga pampu ambazo zimo katika boti nyingi za enzi hiyo zinazouzwa hadi leo.

Kwa mnunuzi, kinachofaa kueleweka kwa utulivu ni namna impela inavyoibebesha injini mzigo. Ilinganishwe na klachi ya gari. Klachi ikiwa nzima, nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu. Ikiisha, injini hupiga kelele mlimani huku gari likitambaa, na hakuna abiria mzoefu atakayesema kwamba injini hiyo ina nguvu mno. Maji yaliyomo ndani ya pampu ndiyo klachi ya boti ya jeti. Impela huzunguka ndani ya pete ya chuma ikiacha mwanya usiofika milimita moja. Maji yaliyokwisha kupata shinikizo hutamani kurudi upande wa kuvutia, ambako shinikizo ni dogo, na ni wembamba wa mwanya huo tu unaoyazuia. Mchanga na kokoto za kina kifupi hula pete na impela miaka nenda miaka rudi, mwanya hupanuka, na maji huanza kuzunguka humohumo ndani badala ya kutoka nozelini. Hali ikizidi, shinikizo mbele ya impela hushuka kiasi cha maji kugeuka viputo vya mvuke, navyo vikipasuka huacha vidonda kwenye chuma. Impela inayopiga povu haina cha kukamata, basi injini hukimbia peke yake.

Ulinganisho huo una mpaka wake. Kwenye gari lenye klachi nzima, mizunguko ya injini imefungamana na mwendo wa magurudumu katika gia husika. Kwenye boti ya jeti isiyo na giaboksi, mizunguko haijafungamana na mwendo wa boti hata kidogo: pampu hudai karibu nguvu ileile iwe boti inakwenda au imefungwa gatini. Nguvu inayodaiwa hukua kwa kipeo cha tatu cha mizunguko, hivi kwamba kuongeza mizunguko kwa asilimia 10 huhitaji nguvu zaidi kwa asilimia 33, na kuizidisha mara mbili huhitaji nguvu mara nane. Kwa maneno mengine, pampu nzima ni mizani ya kupimia injini, mizani ambayo mmiliki amekuwa akizunguka nayo ziwani pengine bila kujua.

Mizani hiyo ina tabia ya ajabu. Tuseme injini na impela yake, zikiwa nzima, hufika mizunguko 4,500 kwa dakika mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi chini. Injini hiyo ikipoteza moja ya tano ya nguvu zake, mshale hautashuka kwa moja ya tano. Utasimama karibu na 4,200 tu. Upungufu wa mizunguko 300, ambao muuzaji ataupuuza kwa kupunga mkono, unaweza kumaanisha injini inayodai kufunguliwa. Mshale ukipita kipimo kwa mamia kadhaa, shaka ihamie kwenye pampu.

Hapa tahadhari zinahitajika. Vipimo vya mizunguko vya miaka ya 1970 hudanganya, kwa hiyo inafaa kuja na kipimo cha pembeni. Impela za Berkeley hutofautishwa kwa herufi kulingana na ukubwa wa mkato, na mmiliki wa zamani huenda aliikata ili injini ipande zaidi, na katika hali hiyo mizunguko mingi haina ugonjwa wowote nyuma yake. Bila kujua herufi ya impela, namba pekee haihukumu. Magugu kwenye chujio la chini, kamba iliyojizonga kwenye shafti, au gasketi inayopitisha hewa huleta dalili zilezile za pampu iliyokwisha, na kuondoa gugu hakugharimu kitu. Mwanya uliopanuka kidogo nao huenda usiuguse mshale, ukapunguza kasi tu. Jambo la hila kuliko yote ni kwamba injini iliyochoka ikikutana na pampu iliyolika, makosa hayo mawili huweza kufutana, na mshale ukasimama mahali palepale panapotakiwa kana kwamba boti imetoka kiwandani jana. Kinachofichua njama hiyo ni kasi halisi, ambayo siku hizi simu ya mkononi huipima bila gharama, pamoja na kipimo cha mgandamizo wa silinda.

Kwa kuzingatia hayo yote, naona kwamba boti inayonguruma bila kwenda huwa si ya kukimbiwa, mradi bei imekubali kuteremka. Pete ni kipuri cha kuchakaa, na fundi anayezijua pampu hizi huibadilisha na kuirekebisha impela bila kuigusa injini. Injini yenyewe, mara nyingi Oldsmobile au Ford ya lita 7.5, hugharimu zaidi ikifa, na unywaji wake wa mafuta ni mkubwa hata ikiwa hai. Pia mnunuzi aliyezoea rafadha ajue kwamba boti hii hugeuzwa kwa mkondo wa nozeli, kwa hiyo akiachia mafuta kwa hofu mbele ya gati, usukani nao humwacha.

Kinachopaswa kuvunja biashara kiko chini ya miguu. Boti nyingi za enzi hiyo zina mbao ndefu za mhimili zilizozikwa ndani ya faibaglasi chini ya sakafu, na injini imefungwa kwenye mbao hizo. Maji yakipenya kupitia matundu ya skrubu, mbao huoza zikiwa zimefunikwa, huku rangi ya nje ikiendelea kumeta. Mnunuzi atembee juu ya sakafu yote akisikiliza panapobonyea, agongegonge kwa nyundo ndogo karibu na vishikizo vya injini, na boliti moja inayozunguka bila kukaza imtoshe. Pampu hufunguliwa na kufungwa juu ya meza. Kubadilisha mhimili ni kuing'oa injini, kukata sakafu nzima na kuijenga boti upya, na kazi hiyo kwa kawaida hupita thamani ya chombo chenyewe.